MAISHA YA STEVE BIKO: ALIFUNGIWA MAHALI PAMOJA, AKAJENGA



Kama mnavyojua, kila toleo la kumbukumbu la jarida letu huwa na ukurasa mmoja wa maisha ya mtu aliyetutangulia. Safari hii Kamati imemchagua mtu ambaye hakuwa wa kabila letu wala wa nchi yetu, na ambaye wengi wa vijana wetu hawakuwa wamezaliwa alipofariki. Huyo ni Steve Biko wa Afrika Kusini, aliyekufa mikononi mwa polisi wa makaburu tarehe 12 Septemba 1977, akiwa na umri wa miaka 30 tu.

Vijana kadhaa walitujia wakauliza: mbona tusimwandike mtu wa kwetu? Swali lao ni la haki, na tunalijibu hivi. Biko alikaa zaidi ya miaka minne akiwa amefungiwa katika wilaya moja kwa amri ya serikali, haruhusiwi kuvuka mpaka wake bila kibali. Mambo ya kibali sisi hatuhitaji kuelezwa na mtu. Lakini katika muda huohuo wa kufungiwa alijenga zahanati, shule ya chekechea, mradi wa kazi na mfuko wa kusomesha watoto. Hakungoja afunguliwe ndipo aanze. Kwa sababu hiyo Kamati imeona ya kwamba maisha yake yanatuhusu sana, na tunaomba kila mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Jina lake kamili ni Bantu Stephen Biko. Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1946 nyumbani kwa bibi yake huko Tarkastad, katika jimbo la Cape ya Mashariki. Baba yake, Mzingaye, alikuwa askari polisi, baadaye akawa karani wa serikali mjini King William's Town, na alikuwa akijisomea sheria kwa njia ya posta. Mama yake, Alice, watu walimwita Mamcete. Steve alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne.

Mwaka 1950, Steve akiwa bado mtoto mdogo asiyefika shule, baba yake aliugua akafariki. Mzigo wote ukamwangukia mama. Alifanya kazi za nyumbani katika nyumba za Wazungu, kisha akawa mpishi katika hospitali moja ya mji huo. Akina mama wengi wa kambi hii wanaolea peke yao watamwelewa mama huyu bila maelezo marefu.

Familia iliishi Ginsberg, mtaa wa weusi uliokuwa kando ya King William's Town. Ulikuwa na familia zipatazo 800, na kila familia nne zilichangia bomba moja la maji na choo kimoja. Waafrika na machotara waliishi hapo pamoja, na mtoto aliyekulia hapo aliweza kusikia Kixhosa, Kiafrikana na Kiingereza katika njia moja. Ulikuwa mtaa wa watu maskini, lakini watu waliojuana na kusaidiana.

Tusisahau hali ya nchi yenyewe ilivyokuwa. Mwaka 1948, Steve akiwa hajatimiza miaka miwili, chama cha makaburu kilishika serikali kikaanza kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya kila kitu. Sheria ilisema mtu akae wapi, asome wapi, amwoe nani, apande basi gani na afanye kazi gani, kufuatana na rangi ya ngozi yake. Mwafrika mtu mzima alipaswa kutembea na kipande mfukoni. Akikutwa mjini bila kipande kilicho sawa, anakamatwa. Alikuwa kama mgeni katika nchi ya mababu zake.

SHULENI

Steve alikuwa na akili nyingi darasani, tena mcheshi. Watu wa Ginsberg walipoona uwezo wake, walimpa msaada wa masomo ili aende Lovedale, shule ya bweni iliyokuwa na sifa kubwa, ambako kaka yake Khaya alikuwa akisoma. Tunaomba msomaji alishike jambo hili la msaada, kwa sababu tutalirudia mbele.

Hakukaa hata miezi mitatu Lovedale. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati serikali ikiwasaka wafuasi wa vyama vilivyopigwa marufuku. Khaya alishukiwa kuwa na uhusiano na kikundi cha Poqo. Polisi waliwachukua ndugu wote wawili wakawahoji. Khaya alihukumiwa, na baadaye akashinda rufani. Steve hakuonekana na kosa lolote, ila shule ilimfukuza. Hapo ndipo kijana huyo, ambaye hadi siku hiyo hakuwa akijishughulisha na siasa, alipoanza kuichukia serikali iliyoweza kumharibia mtoto masomo bila kosa.

Baadaye alipata nafasi katika shule ya Wakatoliki ya St Francis, Mariannhill, huko Natal. Alimaliza sekondari mwishoni mwa mwaka 1965, na mwaka 1966 akaingia Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban kusomea udaktari, katika kitengo kilichotengwa kwa wanafunzi wasio Wazungu. Kwa mama mpishi wa hospitali, kuona mwanawe anakwenda kuwa daktari ilikuwa furaha isiyo na kifani.

JAMBO LA GRAHAMSTOWN

Chuoni, Steve alijiunga na NUSAS, umoja wa wanafunzi wa nchi nzima. Wanachama wake wengi walikuwa Wazungu waliosema kwamba wanaupinga ubaguzi, na Steve aliwaamini. Mwezi wa Julai 1967 mkutano wa umoja huo ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown. Walipofika, wenye chuo walikataa kuwalaza wajumbe weusi katika mabweni pamoja na Wazungu. Wazungu wakalala chuoni, na Waafrika wakaambiwa waende kulala katika jengo la kanisa kwenye mtaa wa weusi.

Steve alitoa hoja kwamba mkutano usimame mpaka wapate mahali ambapo wote watakaa pamoja. Hoja ilishindwa. Wenzake Wazungu walisikitika, walilaani uamuzi wa chuo, kisha wakaendelea na mkutano.

Jambo hilo lilimfungua macho. Aliona ya kwamba mtu anaweza kukuhurumia kwa moyo wake wote na bado akabaki yeye ndiye msemaji wako, mwenye kupanga ajenda na kuamua ni lini uvumilie. Hakuwachukia Wazungu hao, na baadhi yao waliendelea kuwa marafiki zake hadi kufa. Ila aliona kwamba mtu mweusi anapaswa kwanza akutane na wenzake, azungumze kwa sauti yake mwenyewe, ajifunze kusimama kwa miguu yake.

MWAMKO WA WATU WEUSI

Mwezi wa Desemba 1968 wanafunzi weusi walikutana Mariannhill wakakubaliana kuanzisha umoja wao. Ulizinduliwa rasmi mwezi wa Julai 1969 katika Chuo Kikuu cha Kaskazini, Turfloop, ukaitwa SASO. Steve Biko akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata alimwachia Barney Pityana kiti hicho, kwa sababu hakutaka umoja uwe mali ya mtu mmoja. Yeye akabaki na kazi ya machapisho, akawa anaandika katika jarida la SASO makala zilizosomwa sana, bila kuweka jina lake halisi.

Mafundisho yao yaliitwa Mwamko wa Watu Weusi. Kwa kifupi yalisema hivi. Mkandamizaji ana bunduki, ana gereza na ana sheria, lakini silaha yake kubwa ni akili ya yule anayekandamizwa. Mtu akishaamini kwamba yeye ni duni, hahitaji tena kulindwa na askari. Atajilinda mwenyewe asiinue kichwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa woga na dharau ambayo mtu anajidharau nafsi yake. Kazi nyingine zote zinafuata hapo.

Walianza na jina. Kwa sheria za nchi, Mwafrika, Mhindi na chotara wote waliandikwa kuwa watu wasio weupe. Biko na wenzake walilikataa jina hilo, kwa sababu linamtaja mtu kwa kitu asicho nacho, kana kwamba weupe ndio kipimo cha ubinadamu na wengine ni pungufu yake. Wakasema sisi ni Weusi, na katika neno hilo wakawaingiza Waafrika, Wahindi na machotara, wote waliobaguliwa na sheria ileile. Hivyo walivunja ukuta ambao serikali ilikuwa imeujenga kati ya wanyonge wenyewe.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Sisi katika kambi hii tunaitwa wakimbizi, na kweli tulikimbia, hatuoni aibu kusema. Lakini mara ngapi tumemsikia mtu wetu akijisemea kwamba yeye ni mkimbizi tu? Hilo neno dogo, tu, ndilo ambalo Biko alitumia maisha yake kulipiga vita. Mwalimu akikimbia bado ni mwalimu. Mkunga, fundi, mkulima na mwanafunzi hawakuachia ujuzi wao mpakani.

Mwaka 1972 kiliundwa chama cha watu wazima cha mwamko huo, kilichoitwa Black People's Convention. Mwaka huohuo chuo kilimfukuza Biko katika masomo ya udaktari. Siasa zilikuwa zimemla muda, na maksi zake zilishuka. Akaajiriwa katika shirika la miradi ya jamii za weusi, lililojulikana kwa kifupi kama BCP, mjini Durban.

KUFUNGIWA KING WILLIAM'S TOWN

Mwezi wa Machi 1973 serikali ilimwekea Biko na viongozi wenzake saba wa SASO amri ya kuzuiliwa. Kwa wasiojua, amri hiyo ilikuwa kifungo kisicho na gereza. Alirudishwa King William's Town na kukatazwa kutoka nje ya wilaya hiyo. Alikatazwa kuzungumza na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Alikatazwa kuhutubia na kuandika kwa ajili ya kuchapishwa, na magazeti yalikatazwa kunukuu neno lake lolote. Polisi wa usalama walikuwa wakimfuata mchana na usiku, wakija kupekua nyumba ya mama yake saa wanayotaka.

Serikali ilidhani imemzika akiwa hai. Lakini yeye alifungua ofisi ya BCP katika jengo la zamani la kanisa katika mji huo, akaanza kazi. Tunazitaja kazi zenyewe moja baada ya nyingine, ili kila msomaji azipime.

Ya kwanza ni zahanati ya Zanempilo, iliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 1975 katika kijiji cha Zinyoka, nje ya mji. Jina lake kwa Kixhosa lina maana ya kuleta afya. Daktari wake wa kwanza alikuwa mwanamke kijana wa mwamko huohuo, Mamphela Ramphele. Akina mama wa vijiji, ambao zamani walijifungulia njiani wakielekea hospitali ya mbali, sasa walipata mahali pa kujifungulia, tena walihudumiwa na watu weusi wenzao kwa heshima.

Ya pili ni mradi wa Njwaxa, ambapo wanakijiji walitengeneza vitu vya ngozi na kuviuza, wakapata kipato bila kwenda kubembeleza kazi mjini.

Ya tatu ni mfuko wa Zimele, jina lenye maana ya kujitegemea. Uliwasaidia wafungwa wa siasa waliotoka gerezani na familia zilizoachwa bila mlezi.

Ya nne ni shule ya chekechea ya Ginsberg, aliyoisaidia kufufuka, ili mama anayekwenda kazini alfajiri awe na mahali pa kumwacha mtoto.

Ya tano ni mfuko wa elimu wa Ginsberg, wa kuwalipia ada watoto wa mtaa huo. Hapa ndipo tunaporudi kwenye lile jambo la msaada. Mtaa maskini ulimsomesha yeye, naye alipokuwa mtu mzima alihakikisha mtaa huo unasomesha wengine. Deni alilipa kwa njia hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1975 serikali ilipoona kwamba amri ya kwanza haikutosha, iliongeza nyingine ya kumkataza kufanya kazi BCP. Akaendelea kusaidia kwa siri, na huku akisomea sheria kwa njia ya posta, kama alivyofanya marehemu baba yake.

Kusema kweli, hakuwa malaika, na hatumwandiki kama malaika. Mwaka 1970 alimwoa Ntsiki Mashalaba, muuguzi, wakapata wana wawili, Nkosinathi na Samora. Lakini alikuwa na uhusiano pia na wanawake wengine na kupata nao watoto, na mke wake aliumia kwa hayo. Mtu anaweza kuwa mkubwa mbele ya taifa na bado akawa na deni nyumbani kwake. Tunaliandika hili ili vijana wetu waige yaliyo mema, wasichukue yote kwa pamoja.

WALIOMTANGULIA KUFA

Biko hakuwa wa kwanza kuuawa katika mwamko huo. Onkgopotse Tiro, aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, alikimbilia Botswana akawa mkimbizi. Mwezi wa Februari 1974 alipokea kifurushi cha posta, na alipokifungua kililipuka kikamuua. Sisi tuliokimbia tunajua uchungu wa kufuatwa na mauti hadi upande wa pili wa mpaka. Mapetla Mohapi, aliyeusimamia mfuko wa Zimele, alifia kituoni mwa polisi mwezi wa Agosti 1976.

Kabla ya hapo, mwezi wa Mei 1976, Biko aliitwa Pretoria kutoa ushahidi katika kesi ya wenzake tisa waliokuwa wakishtakiwa. Kwa kuwa maneno ya mahakamani yaliruhusiwa kuandikwa magazetini, nchi nzima iliweza kumsikia tena baada ya kimya cha miaka mitatu. Alijibu maswali kwa siku kadhaa kwa utulivu, bila kutukana na bila kuomba radhi.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi. Ghasia zilienea nchi nzima, na mamia ya watu waliuawa. Watoto hao wengi walikuwa wamelelewa katika mwamko wa akina Biko. Mwezi wa Agosti mwaka huo Biko aliwekwa kizuizini kwa siku 101, kisha akaachiliwa bila kushtakiwa.

KIFO CHAKE

Mwezi wa Agosti 1977 Biko alivunja amri akatoka wilayani mwake. Yeye na mwenzake Peter Jones walisafiri kwa gari mpaka Cape Town, wakitaka kuzungumza na vikundi vingine juu ya umoja wa wapigania uhuru. Mazungumzo hayakufanikiwa, wakageuza kurudi. Usiku wa tarehe 18 Agosti walisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi karibu na Grahamstown, wakakamatwa kwa sheria ya ugaidi, ambayo iliruhusu polisi kumshika mtu bila kikomo, bila wakili na bila ndugu kujua.

Biko alipelekwa Port Elizabeth. Kwa siku 20 alikaa katika chumba cha mahabusu cha Walmer, uchi wa mnyama, akiwa na pingu. Tarehe 6 Septemba alipelekwa katika ofisi za polisi wa usalama, jengo la Sanlam, chumba namba 619, kuhojiwa. Humo alipata jeraha kubwa la kichwa. Hata baada ya hapo walimwacha amefungwa kwa minyororo. Maneno yake yalikuwa hayaeleweki tena. Madaktari wawili wa serikali walimwona, wakakubali kufuata matakwa ya polisi badala ya kufuata kazi yao.

Tarehe 11 Septemba walimlaza uchi nyuma ya gari la Land Rover, wakamsafirisha usiku kucha hadi Pretoria, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, bila muuguzi na bila karatasi zake za hospitali. Tarehe 12 Septemba 1977 alikufa huko, juu ya mkeka, sakafuni mwa gereza. Mtu aliyejenga zahanati kwa ajili ya wengine alikosa hata daktari mmoja mwaminifu.

MAANDAMANO NA UKWELI ULIOFICHWA

Waziri wa polisi, Jimmy Kruger, aliitangazia nchi kwamba Biko amekufa kwa sababu ya mgomo wa kula, akaonyesha hadharani kwamba kifo hicho hakimsikitishi. Lakini mwili wenyewe ulikuwa shahidi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba aliumia ubongo. Mhariri Donald Woods wa gazeti la Daily Dispatch, Mzungu aliyekuwa rafiki yake, pamoja na waandishi wengine, hawakukubali uongo huo upite.

Nchi ikawaka. Wanafunzi wa Fort Hare waliokusanyika kumwombolezea walikamatwa kwa mamia. Maandamano na ghasia zilizuka katika miji mingi. Tarehe 25 Septemba alizikwa King William's Town. Polisi waliyazuia mabasi njiani na kuwarudisha waombolezaji, na bado watu wapatao 20,000 walifika, pamoja na mabalozi wa nchi za nje. Askofu Desmond Tutu alikuwa miongoni mwa waliosema hapo.

Serikali ilijibu kwa nguvu. Tarehe 19 Oktoba 1977 ilipiga marufuku vyama na mashirika 18, ikiwa ni pamoja na SASO na BCP, na ikalifunga gazeti la The World. Woods naye alizuiliwa, na mwisho wa mwaka alitoroka kwenda Lesotho akiwa amevaa kama padri. Hata yeye akawa mkimbizi. Lakini dunia ilikuwa imekwisha kuona. Tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuikataza kila nchi kuiuzia Afrika Kusini silaha.

Mahakama ya uchunguzi ilikaa kwa wiki tatu hivi mwishoni mwa mwaka huo, na hakimu akasema hakuna wa kulaumiwa. Mwaka 1979 serikali iliilipa familia randi 65,000 bila kukiri kosa. Ilichukua hadi mwaka 1985 kwa wale madaktari kupatikana na hatia mbele ya baraza la kazi yao. Baada ya uhuru, polisi watano waliomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Mwaka 1999 walikataliwa, kwa kuwa hawakusema ukweli wote. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa. Tarehe 12 Septemba 2025, miaka 48 kamili tangu kifo chake, uchunguzi huo ulifunguliwa upya mahakamani. Mama Mamcete hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka 1995. Haki ya mtu inaweza kuchelewa, lakini haiozi mradi wako watu wanaoikumbuka.

WAKIMBIZI WALIOTUTANGULIA HAPA

Kuna jambo lingine ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Baada ya Soweto na baada ya kifo cha Biko, maelfu ya vijana wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na wengi wao walipokelewa Tanzania. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Walikuta magofu na majani. Wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Wakaweka mabweni, hospitali, karakana na shamba. Mwaka 1992 waliyakabidhi yote hayo kwa wenyeji, wakarudi kwao. Walikuwa wakimbizi kama sisi, na leo wanafunzi wa Tanzania wanasoma katika majengo waliyoyaacha.

NENO LA KAMATI

Ndugu zetu, hatusemi kwamba hali yetu na ya Afrika Kusini ya wakati ule ni kitu kimoja. Kila msiba una sura yake. Wala hatusemi mashirika yanayotusaidia yaache kusaidia, maana mgao ukipungua tunajua nani anaanza kulala njaa. Tunachosema ni kwamba yako mambo ambayo hayahitaji kungoja. Mwalimu mwenye kujua anaweza kukusanya watoto kumi chini ya mti. Mkunga anaweza kumfundisha binti mmoja kazi yake. Familia nne zinazochangia bomba moja zinaweza kupanga zamu ya kulisafisha, kama pale Ginsberg.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo sababu ya toleo hili. Biko alijulikana jinsi alivyokufa kwa sababu wako watu waliokataa kunyamaza, wakaandika jina, siku na mahali. Wako wapendwa wetu waliokufa njiani na ambao hawajaandikwa popote. Kamati imefungua daftari. Tunaomba kila familia ije na majina ya watu wake, siku waliyokufa na mahali, kadiri wanavyokumbuka. Wazee waje kabla kumbukumbu hazijawatoka, na vijana wenye mwandiko mzuri waje kuandika.

Pretoria, mji uleule alikofia Biko bila matibabu, leo una hospitali kubwa inayoitwa kwa jina lake tangu mwaka 2008. Wagonjwa wanaingia na kutoka humo kila siku.

Mungu awapumzishe wote waliotutangulia, na atujalie sisi tuliobaki nguvu ya kufanya kazi.

Ni sisi, wanakamati wenu.